Ua wa Nyumba Ndio Shule ya Mpiga Picha

Watu wengi wanaotamani kujua kazi ya kupiga picha hudhani ya kuwa yawapasa kwanza kusafiri. Huota kupiga picha za simba katika mbuga ya Maasai Mara, au theluji ya Mlima Kenya, au majahazi ya Lamu yakitweka matanga. Na kwa kuwa nauli ni ghali na likizo ni fupi, kamera hukaa kabatini hata ikaota ukungu. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Aliye na mama anayechambua maharagwe barazani, mtoto anayeogeshwa katika karai, na ng'ombe mmoja anayekamuliwa alfajiri, hana haja ya simba. Ana shule kamili, wala hatozwi karo.

Kupiga picha ni kazi mbili. Ya kwanza ni kazi ya mashine, yaani kupima nuru na kuifanya sura ionekane wazi bila ukungu. Kazi hiyo siku hizi karibu yote hutendwa na kamera yenyewe, hasa kamera iliyomo ndani ya simu ya mkononi. Ya pili ni kazi ya jicho: kuamua kipi kiingie ndani ya picha na kipi kibaki nje, mtu akae upande gani, nuru imwangukie kutoka wapi, na kidole kibonyeze wakati gani. Hiyo ndiyo iitwayo kupanga picha. Mashine haiwezi kuitenda kwa niaba ya mtu, wala fedha haiwezi kuinunua. Hupatikana kwa mazoezi tu, na mazoezi yataka watu walio tayari kupigwa picha leo, kesho na keshokutwa bila kudai malipo. Watu wa namna hiyo watapatikana wapi, kama si nyumbani?

MABINGWA WALIOANZIA NYUMBANI

Haya si maneno ya kumfariji maskini tu. Mabingwa waliosifiwa duniani kote walianza hivyo hivyo.

Huko Bamako, mji mkuu wa Mali, nchi ambayo zamani iliitwa Sudan ya Ufaransa, palikuwa na kijana fundi seremala aitwaye Seydou Keïta. Mwaka 1935 mzee mmoja wa jamaa yake alirudi kutoka Senegali, akamletea kamera ndogo aina ya Kodak Brownie. Keïta hakusoma shule yoyote ya picha. Alianza kwa kuwapiga jamaa zake, na kidogo kidogo jicho likazoea. Mwaka 1948 akafungua studio yake. Alipendelea kupigia picha uani kwa nuru ya jua, na kitambaa chake cha kwanza cha kuning'iniza nyuma ya wateja kilikuwa shuka ya kutandikia kitanda chake mwenyewe. Kwa sababu ya gharama, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu; kwa hiyo ilimpasa kutazama sana kabla ya kubonyeza. Alimgeuza mtu bega kidogo, akamrekebisha kichwa, akaweka mikono mahali inapoonekana. Mwaka 1962 alichukuliwa na serikali ya Mali kuwa mpiga picha wake. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris, na alipofariki mwaka 2001 jina lake lilikuwa limevuka bahari. Katika picha zilizompatia sifa hiyo hamna mnyama wa porini wala mlima. Ni watu wa mji wake tu, wamekaa katika ua mmoja, wamevaa nguo zao nzuri.

Ufaransa nako alikuwako Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye baba yake alimpa kamera akiwa bado mtoto mdogo. Alipiga picha za yale aliyoyaona kila siku: ndugu yake na michezo yake, yaya akirusha mpira hewani, binamu yake akiruka kutoka kwenye ngazi. Mwaka 1963 picha hizo za utotoni zilitundikwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York, na mwenyewe alikuwa anakaribia miaka 70. Watu walistaajabu kuona kwamba mtoto aliyekuwa akicheza na jamaa zake alikuwa ameweka kumbukumbu ya zama nzima.

Wala mtu asiseme kwamba kamera yake ni duni. Ile Brownie ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1900, bei yake ilikuwa dola moja. Ilikuwa sanduku la karatasi ngumu lenye kioo kimoja rahisi mbele yake. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, naye alianza na Brownie iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine, akiwa mtoto wa shule Dar es Salaam. Ndiye yule ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliishtua dunia nzima ikatoa msaada. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro. Simu ya bei ndogo iliyo mfukoni mwa karani leo ina uwezo unaopita sanduku lile mara nyingi. Kilichopungua ni subira ya mwenye kuishika.

NURU KABLA YA KILA KITU

Basi, anayeanza na aanze kwa kuitazama nuru. Vitabu vingi vya kupiga picha vimeandikwa Ulaya, ambako jua la jioni hukawia chini kwa muda mrefu. Kenya hupitiwa na mstari wa ikweta, na kwetu jua hupanda na kushuka upesi. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, ifikapo saa tatu limekwisha kuwa kali. Saa sita liko karibu utosini. Saa hiyo kofia na paji la uso hutupa kivuli machoni, na mtu mzuri akaonekana kama fuvu. Nuru iliyo laini ni ya mapambazuko mpaka yapata saa mbili, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Mkulima hana shida na saa hizo, kwani ndizo saa za kukamua na za kurudi shambani.

Ikiwa ni lazima kupiga picha mchana, tafuta kivuli. Hakuna mahali pazuri kuliko mlango wa nyumba. Mweke mama kwenye kigoda, hatua moja ndani ya mlango, uso wake ukielekea nje. Nuru ya uani itamfikia kwa upole, na nyuma yake kutakuwa na giza la chumba, lisilo na jambo la kuyavuta macho. Kisha mwambie ageuke kidogo kushoto, halafu kidogo kulia, uangalie jinsi kivuli kinavyohama juu ya shavu lake. Ukilifanya jambo hilo mara kumi utakuwa umejua habari za nuru kuliko aliyesoma vitabu vitatu.

Watu weusi tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Kamera hutaka kuleta kila kitu kwenye wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au mbingu yenye kung'aa, kamera huupima ule weupe ikapunguza nuru, na uso ukageuka doa la wino. Kwa hiyo usimsimamishe baba yako mbele ya ukuta uliopakwa chokaa wakati jua linaupiga. Ukitumia simu, gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga, ili simu ipime nuru hapo. Tena ni vema kujua ya kuwa kwa miaka mingi ya karne ya 20 maabara zilizosafisha filamu za rangi zilipimia kazi yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi nyeusi haikufikiriwa. Hiyo ni sababu moja iliyofanya nyuso za wazee wetu zitoke vibaya katika picha nyingi za rangi za zamani. Haikuwa aibu ya nyuso zao.

NYUMA YA MTU, NA KINGO ZA PICHA

Jicho la binadamu lina tabia ya kuona kile linachokipenda na kuyasahau mengine. Mtu anayempiga mtoto wake picha humwona mtoto tu. Kamera haina mapenzi, huona yote. Ndiyo maana katika picha nyingi utakuta mpapai umemwota bibi kichwani, au kamba ya nguo imemkata babu shingo, au mkia wa ng'ombe umejitokeza ukingoni, mwenyewe hayumo.

Dawa yake ni moja. Kabla ya kubonyeza, sahau uso wa mtu kwa kitambo kidogo, ukazungushe macho kwenye kingo nne za picha kama mlinzi anayezunguka ua usiku. Uliza: ni nini hiki kilichoingia bila kualikwa? Mara nyingi hakuna haja ya kumhamisha mtu. Sogea wewe hatua moja upande, na ule mpapai utatoka kichwani. Inama kidogo, na kamba ya nguo itapanda juu. Wengi husahau kuwa miguu ni sehemu ya kamera.

Miguu hiyo hiyo ndiyo ikupeleke karibu. Wanaoanza wengi husimama mbali sana, kama wanaoogopa, na mtu akatoka mdogo kama punje ya mtama katikati ya uwanja. Jongea. Ikiwa habari ya picha ni mikono ya mama inayosuka kiondo, basi mikono na kiondo vitoshe. Nyumba, mti na mbingu ni habari za picha nyingine. Na ukimpiga mtoto, piga magoti. Mtoto aliyepigwa na mtu mzima aliyesimama huonekana kichwa kikubwa na miguu mifupi. Lakini aliyepigwa kwa kimo cha macho yake huonekana mtu kamili.

SHAMBA LENYE VITALU TISA

Kuna kanuni ya zamani inayomfaa mwanafunzi. Fikiria picha yako kuwa ni shamba la pembe nne. Ligawe kwa mistari miwili ya kwenda chini na miwili ya kukatiza, hata upate vitalu tisa vilivyo sawa. Badala ya kumweka mtu katikati kabisa kila mara, mweke penye mmoja wa mistari hiyo. Na yale macho yake, au kile kitu kilicho kikubwa katika habari, kiweke pale mistari inapokutana. Mchoraji Mwingereza aitwaye John Thomas Smith aliiandika kanuni ya namna hii mwaka 1797, hata kabla kamera haijabuniwa. Simu nyingi zina mistari hiyo ndani yake. Mtu akiiwasha itamwongoza.

Mtu anayetazama kushoto umwachie nafasi upande wa kushoto, ili macho yake yawe na mahali pa kwenda. Ukimbana ukingoni, mtazamaji naye atajiona amebanwa. Kadhalika njia ya miguu, boma la miti, au mistari ya majani ya chai huyachukua macho ya mtazamaji na kuyapeleka inakokwenda. Simama mahali ambapo njia hiyo inafika kwa mtu au mlangoni pa nyumba, si mahali inapomtoa mtazamaji nje ya picha.

Lakini kanuni hii ni kama mkongojo. Humsaidia apitaye penye utelezi, wala haimkatazi mwenye nguvu kutembea bila huo. Babu aliyekaa wima kitini, fimbo mkononi, akikutazama usoni, pengine mahali pake ni katikati hasa, kwa kuwa ndivyo alivyokaa nyumbani mwake miaka yote.

USIWAPANGE KAMA ASKARI

Desturi yetu ni kwamba kamera ikitokea, watu husimama mstari mmoja, mikono chini, nyuso zimekauka, kama askari wanaokaguliwa. Picha ya namna hiyo ina heshima yake siku ya harusi au ya ubatizo. Ila haimwambii mjukuu jinsi bibi yake alivyokuwa. Ukitaka kupiga jamaa wengi pamoja, waketishe wengine vigodani, wengine mkekani, wengine wasimame, ili vichwa vipande na kushuka kama vilima. Kisha ngoja. Picha iliyo bora huja mara nyingi baada ya ile rasmi, wakati watu wanapopumua na mtu mmoja anapoanza kucheka.

Siku nyingine wapige wakiwa kazini, kwani mtu aliye kazini husahau kamera. Mama anapepeta mtama, baba ananoa panga, kaka anapiga pasi shati la kesho la ofisini, dada anasoma karibu na dirisha. Mikono iliyozoea kazi hujipanga yenyewe vizuri kuliko utakavyoipanga wewe.

Hata hivyo, nyumbani si mahali pa kukosa adabu. Mkwe hapigwi picha bila kuombwa ruhusa, na mzee anayekataa aachwe. Akiona picha za wengine zimetoka vizuri, pengine ataita mwenyewe. Mgonjwa asipigwe picha ya kumwaibisha. Mtoto asipigwe akiwa uchi, wala picha za nyumbani zisitawanywe kwa watu wa nje bila wenyewe kujua. Yeyote akupaye uso wake amekupa amana.

MAZOEZI YA MWEZI MMOJA

Kamera nyingi za sanduku zilizotumia filamu namba 120 zilitoa picha 8 tu kwa filamu moja. Kwa hiyo mwenye kamera alitazama mara kumi ndipo akabonyeza mara moja. Simu imetuondolea gharama hiyo, lakini imetuondolea na uangalifu pia. Mtu hupiga picha 60 za jambo moja, asizitazame tena. Yafaa mwanafunzi ajifunge mwenyewe kwa sheria ya zamani: kila Jumapili picha 8, wala si zaidi.

Juma la kwanza apige kitu kimoja kisichotembea, kama jembe lililoegemezwa ukutani au sufuria mekoni, mara 8 kwa nuru na pande mbalimbali. Juma la pili apige mikono tu ya watu wa nyumbani. Juma la tatu apige mtu mmoja mlangoni, kwa namna tulivyoeleza. Juma la nne apige jamaa wote wakiwa katika shughuli zao. Jioni aketi na ndugu au rafiki, wazitazame zile 8, wachague moja, na aseme kwa kinywa chake kwa nini ni hiyo na si nyingine. Kusema sababu ndiko kunakolifundisha jicho.

Ataanza kuona jambo la ajabu. Ule ua alioupita kila siku bila kuutazama utaanza kumwonyesha vitu: jinsi moshi unavyopenya paa asubuhi, jinsi baba anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, jinsi mama anavyosimama mlangoni akimngoja aliyechelewa. Mgeni huona simba kwa sababu simba ni mgeni kwake. Kumwona mama yako kana kwamba unamwona mara ya kwanza ni kazi ngumu zaidi, na aliyeiweza hiyo hashindwi na mlima wala bahari.

KWA NINI TUSINGOJE

Kuna sababu nyingine, nayo ni kubwa kuliko zote. Kila mmoja amewahi kuona nyumba iliyofiwa ikihangaika usiku kutafuta picha ya marehemu. Mabegi yanafunuliwa, Biblia zinapekuliwa, na mwishowe inapatikana ile ya kitambulisho tu, iliyofifia, mtu ametoa macho kama aliyeshtuliwa. Au hukatwa uso kutoka katika picha ya harusi ya watu wengine, na bega la jirani likabaki kando. Mtu aliyelima miaka 50, akasomesha watoto, akasuluhisha ugomvi wa kijiji kizima, aagwe kwa picha ya namna hiyo! Na katika nyumba hiyo pengine zimo simu tano, na ndani yake picha za magari na za majengo ya mjini.

Kwa hiyo kila Jumapili ya mazoezi ina faida mbili. Mwanafunzi anajifunza kazi, na nyumba inapata hazina. Hata picha ambazo hazikupangika vizuri zitakuwa na thamani siku moja, kwa kuwa zina sura za watu ambao hawatapatikana tena.

Lakini hazina hutunzwa. Simu huibwa, huanguka majini, huharibika. Ile picha moja iliyochaguliwa kila Jumapili ipelekwe kwa msafisha picha mjini ichapwe karatasini. Picha 4 kwa mwezi si gharama ya kumshinda mtu. Nyuma yake iandikwe kwa kalamu ya risasi jina la mtu, mahali, siku, mwezi na mwaka, na kazi aliyokuwa akiifanya. Ihifadhiwe katika bahasha, ndani ya kopo au sanduku lenye kifuniko, mbali na moshi, unyevu na mchwa. Makarani wanaijua methali isemayo, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha isiyo na jina, baada ya miaka 40, ni sura ya mtu asiyejulikana.

Mwenye kamera na asingoje safari, basi. Jumapili ijayo, jua litakapokuwa limeshuka juu ya migomba, na akitoe kigoda akiweke mlangoni, amwite mama yake kwa heshima, ampangusie vumbi aketi, kisha azungushe macho kwenye kingo nne kabla ya kubonyeza.